Mama Aliyeipa Ngome Mgongo

Krrr, tak.

Ni sauti ya kamera ya zamani, ukivuta ule mkono wake mdogo kwa kidole gumba ili filamu isonge, kisha ukauachia. Nimekua na sauti hiyo kama wengine walivyokua na sauti ya jogoo. Baba alipofariki ikanyamaza. Halafu nikaisikia tena hapa Qatar, mikononi mwangu mwenyewe, kwenye kamera iliyokuwa imekwama tangu nikiwa shule ya msingi.

Usiseme niliota. Najua visa vya namna hii huwa vya usiku, tena usiku wa manane, mbwa wakilia. Kama ningekuwa natunga, hata mimi ningekitia usiku ili kinoge. Lakini changu kilitokea alasiri, siku ya Ijumaa, jua linawaka, na nilikuwa nimeshiba wali. Niamini tu.

Nianze na Baba, maana bila yeye hutaelewa.

Baba alikuwa na studio ya picha sokoni Chwele, kule magharibi mwa Kenya. Ni chumba kimoja cha mabati. Watu walimwita Fundi. Nyuma ya stuli ya kukalia alitundika pazia alilochora kwa mkono wake: ngome ya mawe yenye minara, nyuma yake mlima wenye theluji, mbele yake maji ya buluu na bata wawili. Bata mmoja alikuwa karibu sawa na mlango wa ngome. Baba alisema yuko karibu, ndiyo maana. Ukiingia nyumba yoyote ya upande ule mpaka leo utaikuta ngome yetu ukutani. Bwana harusi yuko mbele ya ngome, bibi amesimama na kitenge kipya mbele ya ngome, kijana aliyeajiriwa polisi amenyooka mbele ya ngome kana kwamba anailinda.

Mimi nilikuwa nashika shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni. Siku moja nikamuuliza, "Baba, na hawa wataiona lini hiyo ngome? Wote wanaigeuzia mgongo."

Akacheka. "Ukipigwa picha unaipa ngome mgongo, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

Jambo lingine. Watu walikuwa wanapigwa picha, wanaambiwa warudi baada ya siku kadhaa, na wengine hawakurudi. Picha zao Baba aliziweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Mama alikuwa anamwambia, "Baba watoto, si utupe hizo, mkebe niutie chumvi." Yeye anajibu neno moja siku zote: "Picha ya mtu si taka. Mwenyewe atakuja."

Akaugua, akaenda. Studio ikawa ya muuza viatu. Pazia likafunika mahindi ghalani mpaka panya wakalimaliza, na mkebe sijui uliishia wapi katika kuhamahama. Mimi nikabaki na kamera, ikiwa na filamu ndani ambayo hakuwahi kuiosha picha zitoke. Shule niliachia kidato cha pili, nikahangaika huku na kule, na mwisho nikapata kazi huku Doha, mhudumu kwenye mkahawa pale The Pearl, upande wa maboti ya matajiri. Kamera nikaja nayo imefungwa kwenye sweta.

Sasa, mwenzangu wa chumba ni Akinyi, mlinzi kwenye jengo moja refu la West Bay. Jioni moja alikuwa kwenye kitanda cha juu anaangalia simu, akaninyooshea: "Ona watu wanavyokula maisha." Ilikuwa picha ya Jojia, nchi ya milima ambayo watu wa huku hupenda kwenda likizo kwa sababu ukiwa na kitambulisho cha ukaazi hawakusumbui sana kwa viza. Nikaiangalia. Ngome ya mawe. Minara. Maji ya buluu mbele, mlima nyuma.

Nikamwambia, "Hiyo ni ya Baba."

"Ya baba yako? Basi tutalala bure."

"Akinyi, nakuambia ni ile ya pazia. Ni bata tu ndio hawapo."

Kuanzia jioni hiyo sikuwa na wimbo mwingine. Tukaomba likizo ya pamoja, tukabishana kuhusu makoti, tukajifunza kusema asante kwa Kijojia na kushindwa. Yeye alitaka theluji na picha za simu. Mimi nilitaka ngome zote, mabonde, makanisa ya juu milimani, na nilitaka kuvipiga kwa filamu, kwa kamera ya Baba. Nikanunua filamu mpya nikazihifadhi kwenye friji yetu karibu na sukuma wiki, na wenzetu wakafikiri ni dawa.

"Simu yako ina macho matatu," Akinyi akawa ananichokoza, "na wewe unaenda Ulaya na kipofu wa marehemu."

"Huyo kipofu ameona Chwele yote."

Lakini kamera ilikuwa imekwama. Mkono hausongi, kile kitufe cha kurudisha filamu hakizunguki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mhindi, mzee mpole anayetengeneza saa na kamera karibu na soko la zamani. Akaitikisa sikioni kama nazi. Akaniambia kuna filamu ndani, na ili afungue meno yaliyokwama lazima afungue mgongo wa kamera hapo mezani, chini ya taa.

"Na filamu?"

"Sister, filamu khalas. Imekaa miaka, joto la huku limeipika. Imekufa. Chukua kamera yako, nenda likizo."

Ningeweza kumwomba aifungue gizani, maana Baba alikuwa anafanya hivyo ndani ya blanketi. Lakini neno lile, imekufa, nililiamini. Ya nini kumfunika maiti blanketi? Tiketi zilikuwa zimekatwa, safari imekaribia. Nikamwambia nitairudisha Jumamosi aifungue. Kwa nini sikumwachia pale pale? Sijui. Mkono wangu ulikataa kuitoa, basi.

Ijumaa hiyo, kabla ya Jumamosi yenyewe, tukaenda Zubara kwenye ile ngome ya zamani iliyo kaskazini. Wazo lilikuwa langu: kabla ya ngome za Jojia, nijizoeze kwa ngome ya hapa. Nijue mwanga unapiga wapi, nisimame wapi. Kamera haipigi, ndiyo, lakini jicho linaweza kujizoeza. Rafiki yetu Wasswa, Mganda anayeendesha gari la kampuni, alituchukua, na tulipofika akalaza kiti chake akasema, "Nyinyi nendeni mkaone mawe. Mimi ngome yangu ni hii," akafunika uso kwa kofia.

Akinyi alipanda juu ya mnara kwa ajili ya simu yake. Mimi nikazunguka nyuma, upande ambao watu hawaendi, kwa sababu jua lilikuwa linaupiga ukuta ukawa rangi ya mkate. Upepo ukaanza. Si dhoruba, ni ule upepo wa huku wa kunyanyua vumbi jembamba mpaka kila kitu kinaonekana kama picha iliyopauka. Nikaweka kamera jichoni.

Ndani ya kile kidirisha, pale ukutani, alikuwa amesimama dada mmoja.

Nikashusha kamera. Bado yupo. Alikuwa wa rika langu, amevaa sweta la kijani la kufumwa, vifungo vyote vyeusi ila kimoja chekundu, kilichoshonewa baadaye. Mgongo ameupa ngome. Mikono yake aliikunja kifuani na alikuwa anajiyumbisha kidogo, polepole, kushoto na kulia. Nikafikiri ni baridi.

"Mulembe," akasema.

Unajua ilivyo kusikia salamu ya kwenu mahali ambapo mwaka mzima unasikia "yes madam"? Nilifurahi kwanza. Hofu ilichelewa. "Mulembe muno," nikajibu, nikamsogelea nikicheka.

"Wewe ni wa Fundi." Hakuuliza. "Umekua. Ulikuwa unashika shuka."

Hapo kicheko kikakauka. Nikataka kumuuliza yeye ni nani, kazi anafanya wapi, amefikaje huku nyuma bila gari. Yeye akaniwahi.

"Nimekuja kuhusu ile picha," akasema. "Iko tayari?"

Na mimi nikasema nini? Nikasema kile ambacho kila mtoto wa studio husema kabla hata hajafikiri. "Bado kidogo. Pitia kesho kutwa."

Akatabasamu. "Hata baba yako alisema hivyo."

Upepo ulikuwa unapiga hijabu za wanawake kule mbele, nilikuwa naziona kwa pembe ya jicho. Sweta lake halikutikisika. Niliona hilo, na nikajifanya sikuliona, kama unavyofanya unapomkuta mgeni amevaa nguo ndani nje.

"Tulikaa vizuri," akaendelea, ameinamisha macho kwenye mikono yake ile mitupu. "Hakulia hata kidogo. Baba yako akasema, huyu ni mtoto wa studio. Kesho yake nikasafiri. Nilijua ataiosha, halafu nyumbani wataifuata. Nikasahau kuwaambia."

"Dada," nikasema, "filamu yenyewe imekufa. Kesho inafunguliwa."

"Usiifungulie kwenye mwanga."

"Fundi wa saa amesema imekufa."

"Kufa ni kufa," akasema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Na picha ni picha."

Nilisimama pale machozi yananitoka na sijui nalia nini. Akaniangalia kwa huruma, halafu akauliza kitu ambacho sitakisahau.

"Nyuma yangu palikuwa na nini? Watu walikuwa wanasema kuna jumba zuri. Mimi sikugeuka. Alikuwa ameshalala, niliogopa nikigeuka ataamka."

Nikataka kumwambia. Minara, theluji, bata. Badala yake mkono wangu uliinuka wenyewe, nikamnyanyua kidevu hewani kidogo kama Baba alivyokuwa akifanya, bila kumgusa, nikaweka kamera jichoni.

Krrr, tak.

Kidole gumba changu kilikuwa kwenye mkono wa kamera, na mkono umesonga. Ulikuwa laini kabisa, kama uliotiwa mafuta asubuhi hiyo. Nikabonyeza. Nilipotazama tena palikuwa na ukuta tu. Usiniulize habari za nyayo. Upepo ule haukuacha hata zangu.

Akinyi akaja anakimbia, kitambaa mdomoni. "Nilikuwa nakuona kutoka juu. Unampanga nani pale?"

"Umeona mtu?"

"Nimekuona wewe. Unanyanyua mkono hewani kama unampanga bibi harusi. Nikasema huyu amejizoeza mpaka amepitiliza." Kisha akaniona uso. "We. Kuna nini?"

Nikamwambia yote kwenye gari. Wasswa alizima redio bila kuambiwa. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Jumamosi sikwenda kwa fundi. Nilijifungia bafuni kwetu, nikaziba mwanya wa mlango kwa taulo, nikazima taa, nikajifunika blanketi. Kitufe cha kurudisha kilikuwa kinazunguka sasa, lakini Baba alinifundisha kwamba kamera iliyowahi kukwama usiiamini kwenye mwanga. Nikairudisha filamu taratibu, nasikiliza kwa vidole. Nje wenzetu wa chumba kingine wamepanga foleni na ndoo.

"Mnazaa huko ndani?" mmoja akauliza.

"Karibu," Akinyi akamjibu. Alikuwa ameukalia mlango kama yuko dyuti.

Kijana mmoja Mfilipino anayeosha filamu nyumbani kwake alituoshea. Alituonya tusitegemee kitu. Na kweli, karibu filamu yote ilikuwa uji mtupu, kijivu tupu, Chwele yangu yote imeyeyuka. Mwishoni kabisa palikuwa na ukuta wa Zubara, ukuta tu na vumbi. Na kabla ya ukuta huo, picha moja iliyotoka.

Rangi zimepauka, pembeni pamekuwa zambarau. Lakini yupo. Sweta la kijani, kifungo kimoja chekundu. Ngome ya Baba nyuma yake, bata mkubwa anachungulia begani. Mikono ameikunja kifuani vile vile nilivyoiona, ila safari hii haikuwa mitupu. Ndani yake kulikuwa na mtoto mchanga amelala, mdomo wazi, ngumi moja imeshika lile sweta.

Nikamtumia Mama kwenye simu. Akaiona, akanipigia.

"Huyu ni Nanjala," akasema. "Wa kule ng'ambo ya mto. Alikwenda Arabuni kazi za nyumba mtoto akiwa bado mdogo hivyo. Akaugua huko huko, wakamzika huko huko. Baba yako alilala kitandani wiki ile ile aliyompiga picha. Umeitoa wapi hii?"

"Na mtoto?"

"Nafula? Yuko na bibi yake. Sasa ni msichana mkubwa. Anasumbua kila mtu amweleze mama yake alikuwa anafananaje. Hawana hata picha moja. Bibi akichoka humwambia, nenda ukajiangalie kwenye kioo."

Nikakaa chini kwenye ngazi za mkahawa na sare yangu ya kazi. Kwa hiyo ndicho nilichokuwa nikipeleka mezani pa fundi, chini ya taa, ili mimi nikapige milima.

Tulitoa nakala mbili. Moja ilikwenda nyumbani na dada mmoja wa hospitali aliyekuwa anarudi likizo, ndani ya Biblia yake ili isikunjike. Mama aliipeleka mwenyewe, kwa miguu, ng'ambo ya mto. Alinisimulia kwamba Nafula hakulia. Aliishika kwa ncha za vidole akaitazama mpaka chai ikapoa, kisha akauliza, "Huyu amelala ni mimi?" Alipoambiwa ni yeye akasema, "Basi alikuwa amenishika vizuri." Bibi ndiye aliyelia. Siku hizi picha iko ukutani kwao, na ngome yetu imepata nyumba moja zaidi.

Mimi sikurudi kuwa nilivyokuwa. Sijawa mwoga, hapana. Ila pale mkahawani wateja hunipa simu niwapige picha, migongo wameipa maji na maboti na majengo yanayometameta. Nikishawapiga huwaambia, "Haya, sasa geukeni muangalie." Wengine hucheka. Supavaiza ameniuliza mara kadhaa kwa nini nachelewesha meza. Nikisikia krrr, tak, hata kwenye video ya mtu, lazima niinue kichwa nione ni nani aliyefika.

Nawe unayenisoma, sikia. Ukikuta kamera ya zamani kwenye sanduku la marehemu, na ndani yake kuna filamu, usiifungue kwenye mwanga kwa sababu mtu mwenye haraka amekuambia imekufa. Hujui ni nani amekaa humo vizuri, anangoja. Na wewe uliyewahi kupigwa picha mahali ukaenda zako, rudi ukaichukue. Au waambie watu wako iko wapi. Dunia ni safari, na usiseme utapitia kesho kutwa.

Jojia tulikwenda. Kamera ilifanya kazi safari nzima bila kukwama hata mara moja. Siku ya ngome yenyewe nilimwacha Akinyi kwenye kibanda anakula mkate wa jibini, anapigana na baridi, nikashuka peke yangu hadi kwenye ukuta mfupi karibu na maji. Minara ilikuwepo. Mlima ulikuwepo, na theluji yake. Bata hawakuwepo, Baba anisamehe.

Kamera niliiacha shingoni. Nikatoa ile nakala ya pili kwenye koti, nikaisimamisha juu ya ukuta, nikaiegemeza kwa jiwe isipeperuke. Kisha nikaigeuza taratibu, nisimwamshe mtoto, mpaka uso wa mama yake ukatazama ngome.